Baltimore: Bandari Inayonawiri, Mji Uliopungua

WASOMAJI WAULIZA

Habari za ukarabati wa bandari ya Kisumu tulizozichapisha katika toleo lililopita zimeleta barua nyingi, na baadhi yake zimevuka ziwa na bahari hadi Baltimore, mji wa kale wa bandari katika jimbo la Maryland, nchini Marekani. Huenda sababu ni ile meli iliyoangusha daraja huko mwaka 2024, ambayo picha zake zilienea kila simu. Nimezijibu tano kwa pamoja, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa kuwa ndiyo iliyouliza jambo zito.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kijana wangu wa pili amekubaliwa kusomea afya ya jamii mjini Baltimore. Shemeji yangu anasema huo ni mji tajiri wenye mojawapo ya bandari kubwa za Marekani, ilhali jirani ananionyesha kwenye simu picha za mitaa mizima yenye nyumba zilizozibwa madirisha kwa mbao. Nimwamini nani?
Mama wa watoto wanne, Mamboleo, Kisumu

JIBU: Mama, waamini wote wawili, kwa maana kila mmoja ameona upande wake wa mji uleule. Wengi hudhani kwamba bandari ikipata, mji nao umepata. Huko Baltimore ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, lakini leo hesabu za bandari na hesabu za mji hazifuatani tena. Mwaka 2023 bandari ilipitisha zaidi ya tani milioni 52 za shehena za biashara ya nje, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 80, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Mji wenyewe, uliokuwa na wakazi 949,708 katika sensa ya mwaka 1950, ulihesabiwa kuwa na watu 585,708 mwaka 2020. Ili tuone jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kutokea mahali pamoja, hatuna budi kurudi nyuma.

Baltimore haiko ufuoni mwa Atlantiki. Meli inayotoka baharini huingia kwanza Ghuba ya Chesapeake, ikapanda kuelekea kaskazini kwa zaidi ya kilomita 200 ikiongozwa na rubani mwenyeji anayeijua ghuba hiyo, kisha ikaingia mlango wa Mto Patapsco. Kwa macho ya mtu wa Mombasa hiyo ni safari ya kupoteza wakati bure. Hata hivyo, kila kilomita ambayo meli inasonga ndani ya nchi ni kilomita ambayo treni au lori halitalazimika kwenda, na tani moja husafiri kwa gharama ndogo zaidi juu ya maji kuliko nchi kavu. Miongoni mwa bandari kubwa za pwani ya mashariki, hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na majimbo ya kati, yaani kwenye ngano, makaa ya mawe na viwanda vya mashine, na faida yake yote tangu mwanzo imetokana na ukaribu huo.

Mji ulianzishwa rasmi mwaka 1729, na kwa miaka mingi haukuwa na maana kubwa. Zao lililotawala Maryland wakati huo lilikuwa tumbaku, na tumbaku haikuhitaji mji, kwa kuwa meli za Uingereza ziliifuata kwenye magati ya mashamba yenyewe. Ngano ndiyo iliyoinua Baltimore. Vijito vinavyoshuka kutoka vilimani vina maporomoko yaliyoweza kuzungusha mitambo ya kusaga. Unga ukatiwa katika mapipa na kupelekwa visiwa vya Karibi na baadaye Brazili, nazo meli zikarudi na sukari na kahawa. Mafundi wa Fells Point, mtaa wa mabaharia upande wa mashariki, walisifika kwa merikebu nyembamba zenye mbio, ambazo katika vita vilivyoanza mwaka 1812 ziligeuzwa kuwinda meli za biashara za Waingereza. Waingereza walipokuja kulipiza kisasi Septemba 1814, ngome ya McHenry inayolinda mlango wa bandari ilistahimili mabomu usiku kucha, na wakili mmoja, Francis Scott Key, aliyekuwa akitazama kutoka melini, akaandika beti ambazo mwaka 1931 zilifanywa wimbo wa taifa la Marekani.

Karne iliyofuata ilikuwa ya reli, ambayo mzee wa Nakuru ameiuliza hapa chini, na ya wahamiaji: zaidi ya watu milioni moja kutoka Ulaya, wengi wao Wajerumani, waliteremkia katika magati ya Locust Point na kupanda treni hatua chache tu kutoka melini. Mwezi Februari 1904 moto uliteketeza zaidi ya majengo 1,500 katikati ya mji. Wazima moto waliokimbilia kusaidia kutoka miji mingine walikuta kwamba mipira yao ya maji haishikani na mabomba ya Baltimore, wengi wakashindwa kusaidia ipasavyo. Ni baada ya aibu hiyo ndipo Marekani ilipoanza kutafuta kwa dhati kipimo kimoja cha vifaa hivyo.

Kisha kikaja chuma. Huko Sparrows Point, rasi iliyo mahali ambapo mto unakutana na ghuba, ujenzi wa kiwanda ulianza mwaka 1887, na mwaka 1916 kikanunuliwa na kampuni ya Bethlehem Steel. Mahali palichaguliwa kwa sababu meli ziliweza kuleta mawe yenye madini ya chuma kutoka Cuba, na baadaye Chile na Venezuela, hadi karibu kabisa na tanuri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karakana ya kampuni hiyohiyo huko Fairfield iliunda meli 384 za mizigo za aina iliyoitwa Liberty. Ya kwanza kabisa ya aina hiyo, SS Patrick Henry, ilishushwa majini hapo Septemba 1941. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, Sparrows Point kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya chuma duniani, chenye wafanyakazi zaidi ya 30,000. Kijana asiye na cheti cha maana aliajiriwa, akanunua nyumba ya matofali iliyoshikana ukuta kwa ukuta na ya jirani, akasomesha watoto. Nyumba hizo, Mama, ni za aina ileile unayoonyeshwa kwenye simu.

Zilivyobaki tupu ni habari ndefu. Kabla ya kontena, meli moja ilikaa gatini siku kadhaa huku makundi ya makuli yakibeba magunia, masanduku na mapipa. Kontena lilipoingia, kreni moja na watu wachache waliweza kufanya kazi ya mamia, na meli zenyewe zikakua hata hazikuweza tena kufika bandari ya ndani, katikati ya mji. Kazi ikahamia magati ya Dundalk na baadaye Seagirt, lililofunguliwa mwaka 1990, ambako eneo ni pana na maji yamechimbwa kufikia kina cha mita 15. Bethlehem Steel nayo ilifilisika mwaka 2001, kiwanda kikapita mikono kadhaa, kikafungwa kabisa mwaka 2012. Leo mahali pale panaitwa Tradepoint Atlantic, uwanja wa maghala ya Amazon, FedEx na wengine, wenye gati lake na reli yake.

Mtu angetarajia kwamba maghala hayo yangalau yanalipa kodi itakayotengeneza shule na barabara za mji. Hapo ndipo penye fundo. Mji wa Baltimore ulitenganishwa na kaunti iliyouzunguka mwaka 1851, na tangu mwaka 1948 katiba ya Maryland hairuhusu mji kupanua mipaka bila ridhaa ya wakazi wa eneo linalotakiwa, ridhaa ambayo hakuna aliyeitoa. Sparrows Point iko upande wa kaunti, na hata uwanja mkubwa wa ndege unaobeba jina la Baltimore uko nje ya mji. Waliokuwa na uwezo, hasa Wazungu, walipohamia vitongoji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walihama na kodi zao. Waliobaki kwa wingi walikuwa Wamarekani Weusi, ambao sheria na desturi zilikwisha kuwafungia mitaa maalumu: mwaka 1910 Baltimore ilipitisha sheria ya kwanza nchini humo iliyogawa mitaa kwa rangi, na ingawa Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1917, mabenki yaliendelea kukataa kukopesha katika mitaa ya Weusi kwa miongo mingi. Nyumba isiyoweza kupata mkopo haikarabatiwi, na isiyokarabatiwa hatimaye huzibwa kwa mbao.

Kinachoushikilia mji kwa sasa ni hospitali na chuo kuliko gati. Johns Hopkins alikuwa mfanyabiashara wa jumla na mwenye hisa nyingi katika reli ya Baltimore. Alipofariki Desemba 1873 aliacha dola milioni 7 za kuanzisha chuo kikuu, kilichofunguliwa mwaka 1876, na hospitali, iliyofunguliwa mwaka 1889. Taasisi hizo mbili kwa pamoja ndizo mwajiri mkubwa zaidi wa binafsi katika Maryland nzima. Kama mwanao anakwenda huko, kama ninavyodhani, atakuta shule yake ya afya ya jamii, iliyoanzishwa mwaka 1916, ipo upande wa mashariki wa mji, jirani na hospitali, na kwamba kutoka katika majengo hayo ya fahari hadi kwenye nyumba zilizozibwa ni mwendo mfupi wa miguu. Atafute makazi kwa kuwauliza wanafunzi waliomtangulia, maana huko mtaa mmoja na unaoufuata vinaweza kuwa dunia mbili. Bandari ya ndani ya zamani ameachiwa mtalii: mabaraza ya maduka yaliyofunguliwa mwaka 1980 ambayo yamekwisha kuchakaa, na jengo la kuonyeshea samaki lililofunguliwa mwaka uliofuata, ambalo bado linavuta umati.

SWALI: Nilifanya kazi ya reli kwa miaka mingi, na naishi mahali njia inapogawanyika, moja ikielekea Kisumu na nyingine Eldoret hadi Malaba. Je, ni kweli kwamba reli ya Marekani ilianzia Baltimore, na kwa nini huko?
Mzee mstaafu, Nakuru

JIBU: Ni kweli, Mzee wetu, ukiwa na maana ya reli ya kubeba abiria na mizigo ya mtu yeyote anayelipa nauli. Sababu ilikuwa hofu. Mwaka 1825 jimbo la New York lilifungua mfereji wa Erie, uliounganisha Mto Hudson na maziwa makuu, na mazao ya bara yakaanza kumiminikia New York. Wafanyabiashara wa Baltimore waliona wateja wao wakichukuliwa. Kuchimba mfereji kuvuka milima ya Appalachia kulikuwa kugumu mno, kwa hiyo mwezi Februari 1827 wakapata kibali cha kuanzisha kampuni ya reli ya Baltimore na Ohio, jambo ambalo hakuna Mmarekani aliyekuwa amelijaribu kwa ukubwa huo. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 4 Julai 1828 na Charles Carroll, mzee wa miaka 90 aliyekuwa wa mwisho kubaki hai kati ya waliotia saini azimio la uhuru wa Marekani.

Kipande cha kwanza, cha kilomita 21 hivi hadi kwenye vinu vya unga vya familia ya Ellicott, kilifunguliwa mwaka 1830, mabehewa yakivutwa na farasi. Mwaka huohuo Peter Cooper akaleta kigari chake cha mvuke, kidogo hata kikapewa jina la Tom Thumb, kuwaonyesha wakurugenzi kwamba injini inaweza kupita kona kali za njia ile. Kufika Mto Ohio kulichukua muda mrefu: njia ilikamilika hadi Wheeling mwishoni mwa mwaka 1852, robo karne baada ya kibali. Wewe uliyevaa sare ya reli hutashangaa kusikia kwamba faida haikugawanywa sawasawa. Mwezi Julai 1877 kampuni ilipunguza tena mishahara, mafundi wakagoma huko Martinsburg, mgomo ukasambaa nchi nzima, na mjini Baltimore wanajeshi wa jimbo walifyatulia umati risasi na kuua watu kadhaa.

Kuna jambo moja la Baltimore ambalo mtu wa Nakuru atalielewa haraka kuliko msomaji mwingine yeyote. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, kila kilichokwenda Uganda na kutoka huko kililazimika kupita katika gati la Kisumu. Njia iliyochepuka Nakuru ilipopita Eldoret na kufika Kampala mwaka 1931, ulazima huo ukaisha. Baltimore iliogopa kufanywa hivyohivyo na mfereji wa New York, ila yenyewe iliwahi kujenga njia yake. Hata leo bado inahangaika na reli: handaki la Howard Street la mwaka 1895 lilikuwa na dari la chini mno kwa mabehewa yaliyobeba kontena mbili, moja juu ya nyingine, jambo lililoinufaisha bandari pinzani ya Norfolk, hadi kazi ya kuliongeza kimo ilipoanzishwa katika miaka hii ya karibuni.

SWALI: Je, ni kweli kwamba katikati ya bandari hiyo kuna kiwanda cha sukari, ilhali katika Maryland hakuna muwa hata mmoja? Sisi tunalima miwa na viwanda vyetu vinasuasua.
Mkulima, Muhoroni

JIBU: Ni kweli. Kiwanda cha Domino kilianza kazi Locust Point mwaka 1922, na maandishi yake mekundu juu ya paa, yaliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1951 na kubadilishiwa taa mwaka 2021, yanaonekana karibu kila upande wa bandari. Fahamu tu, ndugu mkulima, kwamba kile hakisagi miwa. Muwa ukikatwa huanza kupoteza sukari, ndiyo maana kinu lazima kiwe karibu na shamba, kama Muhoroni na Chemelil, na ndiyo maana trekta likikwama barabarani siku mbili ni hasara yako. Sukari ghafi, ya rangi ya kahawia, haina haraka hiyo. Hukaa, huvuka bahari ikiwa imemwagwa ndani ya tumbo la meli bila magunia, na husafishwa karibu na wanunuzi. Baltimore inapokea sukari ghafi kutoka nchi mbalimbali na kusafisha takriban tani 2,700 kwa siku, ikiwa na wafanyakazi mia kadhaa tu. Kiwanda kile kimedumu kwa sababu kina gati lake lenyewe na pia kwa sababu serikali ya Marekani inadhibiti kwa mgao kiasi cha sukari ya nje kinachoingia kwa ushuru mdogo. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba sukari ni biashara huria kila mahali isipokuwa kwetu hawatuambii yote.

SWALI: Nafundisha historia katika shule ya upili. Wanafunzi wangu wameuliza ikiwa Waafrika waliokuwa watumwa walifanya kazi bandarini humo au mashambani peke yake.
Mwalimu, Kakamega

JIBU: Walifanya kazi bandarini, Mwalimu, na Baltimore ni mahali pazuri pa kufundishia jambo hilo, kwa kuwa kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mji huo ulikuwa na Weusi huru wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani, wakiishi mtaa mmoja na watumwa, na wakati huohuo wafanyabiashara wa watu walikuwa wakipakia mateka wao katika meli za kwenda New Orleans kutoka magati hayohayo.

Mfano utakaowashika wanafunzi ni Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa upande wa pili wa ghuba, akaletwa Fells Point akiwa mtoto. Bibi mwenye nyumba, Sophia Auld, alianza kumfundisha herufi mpaka mumewe alipomkataza, na kijana akaendelea mwenyewe kwa kuwadodosa watoto Wazungu wa mtaani. Ukubwani alikuwa mkalafati, yaani fundi wa kuziba nyufa za merikebu kwa nyuzi na lami, kazi ambayo watu wa Pwani yetu wanaijua vyema. Alipata ujira mzuri, lakini kila Jumamosi alilazimika kuukabidhi mikononi mwa bwana wake. Katika karakana moja mafundi Wazungu walimpiga hadi karibu kumtoa jicho, kwa kuwa hawakutaka kufanya kazi na Mweusi. Tarehe 3 Septemba 1838 alipanda treni akiwa amevaa kama baharia, na mfukoni ana hati za kuazima kutoka kwa baharia Mweusi aliyekuwa huru, akatoroka hadi New York. Bandari ndiyo iliyompa ujuzi, mavazi na hati za kutorokea.

Waambie pia habari za Isaac Myers, mkalafati aliyezaliwa huru. Baada ya vita, Wazungu waligoma hadi Weusi wakafukuzwa katika karakana. Myers na wenzake wakachanga fedha kwa kuuziana hisa, wakafungua karakana yao wenyewe, ikaajiri mamia ya watu na kudumu hadi mwaka 1884. Douglass naye alirudi akiwa mzee mashuhuri na mwaka 1892 akajenga nyumba tano za kupangisha katika mtaa ule alioishi utumwani. Bado zimesimama. Kuhusu karne ya 20, pale Sparrows Point Weusi waliajiriwa kwa maelfu lakini wakawekwa kwenye tanuri na kazi za moshi, bila njia ya kupanda cheo, hadi serikali ilipoyalazimisha makampuni ya chuma kubadili utaratibu huo mwaka 1974.

SWALI: Mimi ni wakala wa kutoa mizigo hapa Kisumu. Daraja lilipoanguka bandari ilifungwa kwa muda gani, na mizigo ilikwenda wapi? Pia nauliza: bandari yetu ikifufuka kabisa, mji huu utatajirika?
Wakala, Kisumu

JIBU: Nianze na daraja. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2024 meli ya kontena Dali, yenye urefu wa mita 300 hivi na iliyokuwa ikienda Colombo, ilipotewa na umeme muda mfupi baada ya kuondoka gatini, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Rubani alikwisha kutoa mwito wa hatari, polisi wakawahi kuzuia magari, lakini mafundi waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara juu ya daraja hawakuwahi kuondoka. Sita walikufa, wote wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Vyuma vililala juu ya njia ya meli, na karibu magati yote ya bandari yalikuwa upande wa ndani. Njia ndogo za muda zilifunguliwa hatua kwa hatua, na mkondo mzima ukarudishwa tarehe 10 Juni, wiki 11 baadaye.

Kontena zilielekezwa Norfolk na New York. Magari ndiyo yaliyosumbua zaidi, kwa sababu wakati huo Baltimore ilikuwa ikiongoza nchi nzima kwa biashara hiyo: mwaka 2023 ilipitisha magari na malori madogo zaidi ya 847,000, mbali na matrekta na mashine za kuvunia zinazotoka viwanda vya majimbo ya kati kwenda nje, na huwezi kuyateremsha mahali pasipo na viwanja vya kuyaegesha na karakana za kuyakagua. Sehemu ya magari hayo iliokolewa na Tradepoint Atlantic, pale palipokuwa na kiwanda cha chuma, kwa kuwa rasi hiyo iko upande wa nje wa daraja. Makaa ya mawe, ambayo Baltimore ni ya pili kwa kuyasafirisha nje nchini Marekani, yalirundikana Curtis Bay mpaka njia ilipofunguka. Malori ya mafuta na kemikali bado yanazunguka mji mzima, kwa sababu hayaruhusiwi katika mahandaki yaliyo chini ya bandari.

Kuhusu Kisumu, sitakutabiria utajiri. Meli ya MV Uhuru ikibeba mabehewa hadi Port Bell, Uganda, na meli za mafuta zikipakia kwenye jeti, tani zitapanda, na wewe mwenyewe utapata hati nyingi zaidi za kujaza. Ila kreni na bomba la mafuta haviajiri watu wengi, na Baltimore imetuonyesha kwamba tani zinaweza kuvunja rekodi huku nyumba zikizibwa. Kazi zinazobaki katika mji wa bandari ni zile zinazofanyika mzigo ukiwa umesimama: ghala, ufungashaji, ukaguzi, matengenezo ya vyombo, usindikaji. Ningekuwa katika mkutano wa wadau wa bandari ningeuliza hasa maghala hayo yatajengwa upande gani wa mpaka, kodi yake italipwa wapi, na kama samaki, mchele wa Ahero na sukari ya Nyando vitapakiwa vikiwa ghafi au vikiwa vimekwisha kusindikwa. Uliza pia kuhusu uundaji wa meli. MV Uhuru ya pili imeunganishwa hapohapo Kisumu, na mafundi walioshika kazi ile watahitajika kila chombo kitakapotaka kutengenezwa, iwe mzigo unakwenda Port Bell, Mwanza au Bukoba.